50 Chini ya 200

"Mjomba, hii si kichwa na mabega?"

Tulikuwa barazani Kibokoni, Magharibi imeshaswaliwa, na muuza kahawa ndiyo kwanza anatua dele lake chini. Mpwa wangu akanisogezea simu mpaka karibu iniguse pua. Kwenye kioo palikuwa na chati ya benki moja iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, mishumaa ya kijani na ya nyekundu, kila mmoja ukionyesha bei ya siku moja, na juu yake amechora kwa kidole mistari ya manjano: bega la kushoto, kichwa, bega la kulia, na shingo inayokatiza chini. Mistari imenyooka. Kijana ana mkono.

"Ikivunja hii shingo inaanguka," akanambia. "Nangoja ianguke ndiyo niingie. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Ndivyo nilivyomfundisha.

Nikapiga funda la kahawa, nikaomba kashata, nikauliza habari za mamake ambaye nilikuwa nimemwona mchana huohuo. Nikamwambia tutazungumza. Hiyo ni wiki ya sita sasa, na kila nikivuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, swali lake linavuka nami.

Si kwamba sikujua jibu. Kichwa na mabega nayajua. Kilichonifunga mdomo ni daftari.

## Safu ya nne

Nina daftari la hisabu, lile la miraba, ambalo tangu 2021 naandikia kila ninachonunua na kuuza. Lina safu nne: tarehe, hisa, bei, sababu. Usiku ule nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa ninaoukwepa. Mwaka 2023. Bamburi Cement. Uza zote. Na kwenye safu ya nne, kwa kalamu nyekundu, kwa fahari ya mtu anayejua analolifanya:

50 chini ya 200.

Hakuna jingine. Wastani wa bei wa siku 50 ulikuwa umeukata wastani wa siku 200 ukashuka chini yake. Wenye chati huuita mkato huo msalaba wa kifo, na jina hilo peke yake latosha kumkosesha mtu usingizi. Niliuza kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Mke wangu husoma blogu hii.

## Nyoka na unyasi

Siku hizo nilikuwa bado nauguza jeraha la Safaricom, kampuni ya simu. Wengi wenu mlikuwemo, kwa hivyo sitarefusha. Agosti 2021 ilipita shilingi 40, kila baraza ni habari za Safaricom kuingia Ethiopia, kila mtu ana hisabu yake ya lini itafika 60. Mimi nilinunua hukohuko juu. Kufika 2023 ilikuwa chini ya 15.

Na muda wote huo kampuni inapata faida, inatoa gawio, na mimi mwenyewe mkate wa asubuhi nalipia kwa M-Pesa yao. Nikiitazama biashara sioni ubaya. Nikiitazama bei naona shimo. Nilikaa na fumbo hilo karibu miaka miwili, najiambia kampuni nzuri haiozi, huku fedha za karo ya binti yangu zinayeyuka.

Kisha mtu akanionyesha ile chati yenye wastani wa siku 200 umepita juu yake. Mapema 2022 bei ilikuwa imeshakaa chini ya mstari. Lau ningeufuata mstari ule, bila kujua lolote la Ethiopia, bila kusoma gazeti, ningetoka na mkwaruzo tu.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye chati, na sikuingia kwa utulivu wa mwanafunzi. Niliingia kama mtu aliyeibiwa anayekimbilia kununua kufuli.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bamburi ndio uliokuwa unyasi wangu.

## Raha ya mistari

Ilikuwa raha, na mtu asiyeisema raha hiyo hatoi picha kamili. Watu wamelala, feni inazunguka, na wewe uko peke yako unachora sakafu ambayo bei imeigonga mara tatu ikarudi juu, na dari ambayo imeshindwa kuipita. Nilijifunza RSI, kipimo cha kasi ya bei alichokibuni Mmarekani Welles Wilder mwaka 1978: kikipita 70 walionunua wamezidisha, kikiwa chini ya 30 waliouza wamezidisha. Nikasoma kwamba mishumaa yenyewe huhusishwa na Munehisa Homma, mfanyabiashara wa mchele wa mji wa Sakata huko Japani, karne ya 18. Mchele! Nilimpenda mtu huyu kwa hilo tu. Nikaona kumbe elimu hii ni ya watu wa sokoni, watu wa magunia, wala si ya maprofesa.

Lakini raha ile ilikuwa na kazi nyingine ambayo sikuiona. Ilinipunguzia kusoma. Ripoti ya mwaka ya kampuni ina kurasa mia na zaidi, na hesabu zake zinachosha. Chati unaimaliza kabla chai haijapoa.

Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kontena silitoi kwa kutazama rangi yake. Nataka hati za meli, nataka ankara, nataka kujua ndani mna nini na nani kamtumia nani, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa, gharama za kukaa bandarini huanza kuhesabika na mteja huanza kunipigia simu usiku. Mtu huyohuyo, akivuka feri kurudi nyumbani, alikuwa anauza hisa za kampuni ambayo machimbo yake alipelekwa na shule kuyatembelea, akiwaona Owen na Mzee, kiboko na kobe, pale Haller Park... hapana, nimejichanganya, hao walikuja baadaye, niliwaona na binti yangu. Vyovyote iwavyo. Kiwanda nakipita kila nikienda Mtwapa. Nikauza kwa sababu ya mistari miwili.

## Shilingi 65

Julai 2024, vijana bado wako barabarani wakiandamana, ami yangu akanipigia simu. Ami hana chati. Simu yake ni ya vibonye. Alistaafu zamani udereva wa lori, na ndiye aliyenishauri ninunue zile hisa.

"Umesikia? Watanzania wanainunua Bamburi. Shilingi 65 kila hisa." Akanyamaza kidogo. "Zetu zilikuwa ngapi vile?"

Sokoni siku hizo ilikuwa ikiuzwa kama 45, na mimi nilitoka chini zaidi ya hapo. Zabuni ya kuinunua kampuni ilikuwa ya Amsons, ndio hao Watanzania. Baadaye akajitokeza Savannah Clinker wa hapa Kenya na 70, akapandisha hadi 76.55, kisha Desemba akajitoa, Amsons wakachukua. Miezi mitano hiyo nilijifunza kuzima redio kila wakifika habari za biashara.

Nilimwambia ami zimebaki kidogo. Hazikubaki hata moja.

Kisha nikajitengenezea faraja, nikaikalia zaidi ya mwaka: hakuna aliyejua. Zabuni ni siri ya watu wachache vyumbani, haionekani kwenye chati, haionekani kwenye hesabu, haionekani popote. Ni kudra. Chati ilifanya kazi yake, bahati haikufanya yake.

Faraja hiyo ndiyo iliyovunjika pale barazani, kijana aliposema "si ndivyo ulivyonifundisha". Kwa sababu sasa haikuwa fedha yangu tena. Ilibidi nijue kama kweli hapakuwa na kitu cha kuonekana. Nikaanza kurudi nyuma, habari moja moja, usiku baada ya usiku, kama zamani nilivyokuwa nachora mistari.

Mwenye Bamburi, mwenye asilimia 58.6, alikuwa Holcim wa Uswisi. Mwaka 2022 Holcim aliuza biashara yake ya India kwa Adani. Mwaka huohuo akauza ya Brazili. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba Bamburi inaiuza Hima, kiwanda chake cha Uganda. Na kule Tanzania, hisa za Holcim katika Mbeya Cement zilichukuliwa na nani? Na Amsons. Hawahawa. Kabla hawajagusa Bamburi.

Nilisoma hilo mara mbili, nikatoka nje kupunga hewa.

India, Brazili, Uganda, Mbeya. Mtu anakunja jamvi, na jamvi linakunjwa kuelekea mlangoni kwangu. Nilikuwa natafuta mwelekeo wa soko kwenye kioo cha inchi sita, na mwelekeo wenyewe umeandikwa magazetini kwa majina ya nchi.

Nisijipambe lakini. Ukijua mtu anataka kuuza hujajua atauza kwa kiasi gani. Mwenye shida huuza rahisi, na wenye hisa ndogondogo aghalabu hupewa makombo. Huenda ningeyajua yote hayo na bado nikauza. Huenda ningeuza kwa sababu ya hayo. Ila safu ya nne ingekuwa na neno la kubishana nalo. "50 chini ya 200" haibishaniki. Unaikubali au unaikataa, kama adhana ya saa ya ukutani.

## Bahari ina mwezi

Kuna mzee pale barazani, nahodha wa zamani, ambaye tukizungumza hisa hujifanya amelala. Jioni moja katika hizo wiki sita nilikuwa namweleza mpwa wangu kwamba bei hupanda na kushuka kama maji. Mzee akafungua jicho moja.

"Maji yapi?"

"Ya bahari, mzee wangu. Kujaa na kupwa."

"Bamvua najua siku yake. Maji mafu najua siku yake. Naijua kwa sababu bahari ina mwezi." Akatema kokwa ya tende. "Hiyo yenu ina nini?"

Akarudi kulala, au kujifanya.

Nilitaka kucheka, lakini swali lilikuwa zito kuliko mzaha. Pale Forodhani tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita nne, na jedwali la maji la mwaka mzima huchapishwa mapema bila mtu kubahatisha. Si kwamba maji yana mazoea. Kuna kitu nje ya maji kinachoyavuta. Anayetazama maji peke yake akasema "yalijaa jana na juzi, basi yatajaa kesho saa hiihii" atawahi kwa karibu saa nzima, na siku ya pili atakuta mtumbwi umekaa mchangani.

Safaricom yangu ilikuwa na mwezi wake. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5, na wageni waliokuwa wamejaa kwenye hisa zetu kubwa wakafunga virago kurudi kwao. Dola nayo ikawa inapanda; Januari 2024 ilipita shilingi 160. Februari hiyo serikali ikatoa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Nani angeshika hisa? Jirani yangu aliuza zote akaikopesha serikali, na mpaka leo akinisalimu anatabasamu kuliko inavyohitajika.

Kwa hivyo ule mstari wa siku 200 uliokuwa "unajua" haukujua kitu. Ulikuwa mti uliochomekwa mchangani, unaonyesha maji yamefika wapi. Na mti huo una faida yake, sitaudharau. Kwa Safaricom ungeniokoa. Kosa langu lilikuwa kuubeba mti huohuo hadi Bamburi, mahali ambapo mvutano ulikuwa mwingine kabisa, nikauchomeka, nikaukimbia.

## Ndovu na nembo

Nikiwa na haya yote kifuani nikaamua kumpa kijana somo. Nakiri nilikuwa na majivuno kidogo.

Burton Malkiel, profesa wa Princeton, aliwahi kuwarushisha wanafunzi wake sarafu, akachora matokeo kama bei ya hisa, akampelekea mtaalamu wa chati, na mtaalamu akataka inunuliwe upesi. Nikamwibia wazo. Nikatwaa sarafu ya shilingi 20, ile yenye ndovu. Nikianzia shilingi 50: ukija ndovu napanda nusu shilingi, ikija nembo nashuka nusu shilingi. Mara mia, kwenye miraba ya daftari, mke wangu ananitazama kama mtu wa kuombewa dua.

Ikatoka chati nzuri ajabu. Ina sakafu, imeguswa mara tatu. Ina mwinuko wa katikati unaotamanisha. Nikaiweka pamoja na chati tatu za kweli za kampuni za Nairobi, nimezichora upya kwa mkono, majina nimeyafuta. Ijumaa baada ya swala nikamtandikia zote nne kwenye mkeka.

"Chagua moja."

Alizitazama muda mrefu. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Akaiokota ya sarafu, moyo ukanidunda, akaigeuza nyuma, akairudisha. Akaziokota zile nyingine.

"Mjomba, kiasi cha mauzo kiko wapi?"

"Nimekitoa."

"Sasa nitajuaje walikuwa watu wangapi?"

Hotuba yangu ikaishia hapo. Nimekaa na chati miaka mitatu, nimemfundisha mabega na vichwa na misalaba, na ile mihimili midogo ya kijivu iliyoko chini kabisa, inayoonyesha hisa ngapi zimeuzwa siku hiyo, niliichukulia kama pazia. Yeye, muuza simu wa Mwembe Tayari, anaijua tofauti ya duka lenye foleni na duka lenye mteja mmoja aliyeingia kukwepa mvua.

## Bega la watu wanne

Tukaifungua tena ile benki yake. Tukalitazama bega la kulia, siku kwa siku. Kuna siku zilizouzwa hisa mia chache tu. Kuna siku mshumaa ni kistari, hauna tumbo wala utambi, maana bei iliuzwa moja basi. Bega zima, lile alilolichora kwa manjano, huenda limeshonwa na watu wanne: mmoja ana karo ya Januari, mwengine anagawa mirathi, wa tatu kabonyeza vibaya.

Safaricom si hivyo. Kule zinapita mamilioni kwa siku, na umati ukigeuka kweli umegeuka. Lakini hisa nyingi za soko letu zinalala wiki nzima, na ukizichora mshumaa unachora usingizi.

Akanitazama. "Na ile yako ya Bamburi?"

Sikuwa nimewahi kutazama. Wallahi sikuwa nimewahi. Tukaitafuta. Asilimia 58.6 ilikuwa Uswisi haiuzwi, wengine walikuwa mifuko mikubwa iliyojikalia, na kilichobaki kuzunguka kilikuwa makombo. Wiki ile ya msalaba mihimili ilikuwa mifupi kama meno ya mtoto. Isipokuwa mmoja. Siku moja, mhimili mrefu kidogo, mshumaa mwekundu, bei imeteremka.

Kijana akasogeza kidole. "Siku hii kuna mtu aliuza."

Nikafungua daftari kulinganisha tarehe, ingawa nilikuwa nimeshajua.

Nakumbuka kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya feri, nilivyoutazama ule mshumaa mwekundu nikashusha pumzi. Nikajiambia: umeona? Wenzako pia wanatoka. Umewahi.

## Saa tatu na nusu

Jumatatu hii soko lilipofungua nilikuwa getini bandarini, mbele yangu malori tisa. Simu ikalia. Picha ya chati, benki ileile, mstari wa manjano, na chini yake: "Mjomba, imegusa shingo."

Nikaandika: "Nani anauza?"

Vitone vitatu vikacheza, vikapotea, vikacheza tena. Lori la mbele likasogea.

"Ndiyo natafuta," akajibu. "Sijanunua."